Tarakimu za Februari

Marsabit
16 Machi 2025

Shangazi Penina,

Natumaini hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, si kitandani. Huku tu wazima. Upepo unatikisa mabati tangu Januari, na Penina mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo. Sasa hataki kucheka mbele za watu. Ile kahawa uliyompa jirani yako Ambaro anitumie imefika salama, na lori la duka lao la Eastleigh ndilo litakalokuletea barua hii likirudi.

Nina ombi. Hospitali yetu imepata mashine nne za kusafisha damu, na vipimo vya wagonjwa wake vinapita mikononi mwangu hapa maabara. Kila mwezi nawapima hemogramu, ile karatasi ndefu yenye hesabu zote za damu, kama unayopewa wewe huko kwenye mashine yako. Najua hapo kwenu wanasoma mstari mmoja tu, hemoglobini. Wanakuambia damu imepanda au imeshuka, na mambo yamekwisha.

Naomba uninakilie mistari miwili mingine: nyutrofili na limfosaiti. Zote ni chembe nyeupe za damu. Za kwanza huongezeka mwili unapowaka ndani kwa ndani, za pili hupungua mwili unapoelemewa. Ukigawanya hesabu ya kwanza kwa ya pili unapata namba moja. Watafiti wameona kwamba kwa watu wa mashine, namba hiyo ikipanda na kukaa juu, mara nyingi moyo uko hatarini zaidi. Si ramli, Shangazi. Ni onyo, na halihitaji sindano nyingine wala kipimo kipya, maana karatasi tayari unayo. Wenzako wengi hawaondolewi na figo, wanaondolewa na moyo. Hilo unalijua kuliko mimi.

Niandikie ya miezi mitano iliyopita. Tafadhali usichelewe.

Mwanao,
Elsie

Buruburu
2 Aprili 2025

Elsie,

Barua yako imekaa njiani siku kumi na moja na imefika ikinuka vitunguu. Sisi tupo. Mvua imeanza, mtaro wa mbele ya lango umeziba kama kila mwaka, na jirani wa nyuma amepandisha vyumba vingine vitatu mahali palipokuwa na bustani yake. Jua sasa nalipata saa sita tu, tena la kuombwa.

Mwambie Penina mdogo meno yake yatarudi. Yangu ndiyo hayarudi. Nilimpa jina langu kwa simu, akiwa na siku mbili duniani, na anakaribia miaka sita sijamwona uso. Uliondoka hapa na mimba ya miezi mitano, ndugu yangu Owuor hata hajapoa kaburini, matanga hayajaisha, ukaenda kukaa kwenye upepo. Baba yako huyo, Elsie. Sijawahi kukuuliza kwa nini. Leo nauliza.

Unanipigia simu nakata, unalalamika. Simu haifungwi kwenye faili! Miaka thelathini na moja nimekaa masjala ya ofisi ya jiji, na kitu kisicho kwenye karatasi kwangu mimi hakikutokea. Ndiyo maana karatasi zangu za damu zipo zote, zimetobolewa na kupewa namba kuanzia ya kwanza. Wenzangu wa mashine wa Jumanne na Ijumaa, zao hufungia karanga. Mwangangi wa Huruma, ambaye mashine yake iko jirani na yangu, yake aliikunja akaiweka chini ya mguu wa kiti kilichokuwa kinayumba. Nilimgombeza mpaka mashine yake ikapiga kengele.

Nimekunakilia kwa mkono kwa sababu karatasi halisi haitoki kwenye faili langu. Masjala ilikuwa na sheria: ukichukua karatasi, unaacha mahali pake kijikaratasi chenye jina lako. Hata mkubwa wa idara aliandika, tena nikiwa nimemsimamia.

Haya basi, nyutrofili kwanza, limfosaiti pili. Novemba 4.4 na 1.7. Desemba 4.6 na 1.6. Januari 5.0 na 1.5. Februari 5.6 na 1.3. Machi 6.2 na 1.1. Hemoglobini yangu ni tisa na nusu, na daktari anasema ni nzuri, ingawa hukuuliza.

Shangazi yako,
Penina Anyango

Marsabit
21 Aprili 2025

Shangazi,

Pokea salamu zetu, na pole kwa mtaro. Penina mdogo amejifunza kupiga mluzi kwenye pengo la meno, hatulali.

Nimegawanya. Novemba uko mbili nukta sita. Desemba mbili nukta tisa. Januari tatu nukta tatu. Machi tano nukta sita. Imepanda maradufu kwa miezi minne, na wewe unaniandikia habari za bustani ya jirani!

Februari sijaiandika hapo juu, na unajua sababu. 5.6 iko katikati kabisa ya 5.0 na 6.2. 1.3 iko katikati kabisa ya 1.5 na 1.1. Nimekaa maabara miaka kumi na minne, Shangazi, na damu ya mtu haipandi kwa hatua zilizopimwa na rula. Hiyo Februari umeitunga mezani kwako. Kwa nini? Jumanne ile ya kupimwa ulikuwa wapi?

Nataka mambo mawili. La kwanza, omba kipimo cha eko ya moyo, ile picha wanayopiga kifuani kwa kifaa na mafuta. Usingoje kuumwa. La pili, niambie ni nini kinachowaka ndani yako. Namba hii haipandi bure. Ni jino? Kidonda? Na ule mpira wa shingoni wanaokupitishia damu ukoje? Waliuweka uwe wa miezi michache wakingoja uunganishwe mishipa ya mkono, damu iwe inapitia hapo badala ya shingoni. Sasa una mwaka na nusu. Mkono bado unangoja nini?

Kuhusu kuhama kwangu, kazi ilipatikana huku. Kazi ndivyo zilivyo.

Elsie

Buruburu
18 Mei 2025

Elsie binti Owuor,

Salamu zenu nimezipata. Hapa hakuna jipya ila Ambaro kaniletea samli ambayo nimekatazwa kula, na nimeila.

Kwa hiyo nimekuwa mwongo. Mimi, niliyekufundisha kuandika jina lako kwenye sakafu ya jikoni hii hii kwa kipande cha makaa! Sawa. Nilijaza. Jumanne ile sikwenda, nilikuwa na shughuli zangu, na faili lenye pengo linaniuma macho. Nikachukua ya kabla na ya baada nikatafuta katikati yake. Haikuwa kwa ubaya. Ukurasa ulikuwa mtupu.

Eko nimeomba. Nilimpelekea daktari hesabu zako zimeandikwa vizuri, mstari chini ya mstari. Akasoma, akacheka kidogo, akasema, "Mama, haya ya kugawanya umeyatoa wapi? Hemoglobini yako iko sawa." Nikamwambia nimeyatoa kwa mtu aliyesoma. Akaniandikia tarehe: 12 Agosti. Nikamuuliza kama moyo wangu nao umepewa hiyo tarehe. Akaita mgonjwa mwingine. Nikarudi na karatasi yangu kwenye mkoba, nimekasirikia yeye na wewe kwa kiasi kimoja. Mmoja ananiambia ninakufa, mwingine ananiambia niko sawa, na hakuna kati yenu aliyekaa na mimi saa nne kwenye ile mashine.

Hata huyu muuguzi wetu, Nangila, mtoto mzuri, lakini kila Jumanne ni "Shosh, lete shingo nicheki," kana kwamba mimi ni bibi yake. Nimemwambia shingo ni yangu na bandeji naibadilisha mwenyewe nyumbani.

Umeuliza mkono. Haya, sikiliza. Baba yako aliunganishwa mishipa ya mkono Novemba. Februari tukamzika. Mkono ule ulikuwa unavuma kama mzinga wa nyuki, damu yote inakimbilia moyoni, na mimi ndiye niliyemshawishi aende akakatwe. Alikuwa hataki. Nilimpeleka mwenyewe. Sasa unajua, na usiniulize tena habari ya mkono wangu.

Penina

Marsabit
1 Juni 2025

Shangazi,

Leo sina salamu ndefu. Ambaro amenipigia. Anasema tangu Februari hutoki bila mtandio wa soko la Gikomba, ule mzito, hata kwenye joto. Anasema alikukuta ukifuta shingo kwa pamba na pamba ilikuwa ya njano. Anasema Ijumaa ulirudi kutoka kwenye mashine ukitetemeka mpaka meno yanagongana, ukamwambia ni baridi ya mvua.

Si baridi! Mpira umeingia wadudu. Ndicho kinachowaka, ndicho kinachopandisha namba, na mpira huo ncha yake iko karibu kabisa na moyo. Ndiyo maana hukwenda ile Jumanne, uliogopa Nangila angefungua bandeji. Na ulijua kwamba akifungua watautoa, kisha watautaka mkono. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe ndiye uliyekuwa ukituimbia hivyo tukificha vidonda vya magoti. Barua hii dereva ataileta mkononi mwako. Ukiimaliza, vaa viatu uende kwa Nangila. Usingoje siku yako ya mashine.

Mkono haukumuua Baba, Shangazi. Na kama kuna mtu wa kulaumiwa, si wewe.

Uliniuliza kwa nini nilihama. Karatasi ya mwisho ya Baba niliipima mimi, hapo Nairobi, kwenye maabara niliyokuwa. Sahihi iliyo chini ni yangu. Nilisoma mstari mmoja. Hemoglobini ilikuwa imepanda hadi kumi na moja, nikafurahi kama mjinga, nikampigia simu nikamwambia, "Baba, uko sawa, nenda ukale samaki." Siku tisa baadaye moyo ulisimama. Nyutrofili na limfosaiti zilikuwa mbele ya macho yangu, mistari michache tu chini. Sikugawanya. Hata sikumbuki zilikuwa ngapi. Miaka kadhaa baadaye nikasoma habari ya namba hii, na tangu hapo kila karatasi ninayoitia sahihi naiona ile ya Baba.

Sikuweza kukaa matangani, watu wakinishika mkono na kunishukuru kwa kumtunza. Wewe ulinishukuru mara mbili. Ndiyo sababu.

Nenda leo.

Elsie

Marsabit
13 Julai 2025

Shangazi,

Wiki sita sasa. Simu yako imezimwa. Ambaro yuko Garissa kwenye msiba wa kwao na hapatikani. Dereva ameniapia kwamba barua alikupa wewe mwenyewe, ukiwa mlangoni, na kwamba uliisoma umesimama.

Kama umenikasirikia kwa ajili ya Baba, una haki. Nitukane, nitayasoma yote. Lakini andika. Hata neno moja, hata namba tupu.

Elsie

Buruburu
24 Agosti 2025

Elsie mwanangu,

Punguza presha, nipo. Mvua ilikatika, mtaro ukakauka wenyewe bila msaada wa mtu yeyote, na migomba yangu miwili ya uani imebeba.

Ile barua yako niliisoma nimesimama, kweli. Kisha nikavaa viatu. Nangila alifungua mtandio, akachungulia chini ya bandeji. Halafu akasema, "Shosh, umekaa na hii maneno tangu lini?" Nikamwambia Februari. Akaenda dirishani akanipa mgongo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nimeona aibu siku nyingi maishani mwangu, Elsie, lakini ile ilikuwa aibu ya peke yake.

Walinilaza mpaka Agosti. Mpira wa zamani wakautoa, wakaniwekea mwingine upande wa pili, nikachomwa dawa wiki sita. Simu niliiacha nyumbani kwenye kabati, ndiyo maana hukunipata. Tarehe yao ya Agosti ilisahauliwa, eko nilipigwa nikiwa wodini. Ukuta wa kushoto wa moyo umenenepa, wanasema, kwa sababu ya presha na maji ya miaka hii. Lakini unasukuma. Nimepewa dawa mpya, na maji nimepunguziwa tena, nusu ya kikombe changu cha bluu asubuhi, na mdomo umekauka ninapoandika haya. Si mzima. Ila sijafa.

Nilimuuliza daktari wa wodi habari ya Owuor na mkono wake, uso kwa uso, maana nimechoka kubeba peke yangu. Akasema mkono unaweza kuulemea moyo uliokwisha kuchoka, ndiyo maana wao huuangalia moyo kwanza. Akasema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumpima. Nilitaka aniambie si mimi, hakusema. Nilitaka aniambie ni mimi nimalizane nalo, hilo nalo hakusema. Basi nikamwambia moyo wangu mmekwisha kuuona, chukueni mkono. Wameuunganisha tarehe sita mwezi huu, kisha wakaniruhusu kurudi nyumbani. Nikiugusa unatetema chini ya ngozi. Mara ya kwanza nililia, kwa sababu ni vile vile ulivyokuwa wa kaka yangu.

Hemogramu ya Agosti ni 4.1 na 1.5. Nimegawanya mwenyewe: mbili nukta saba. Na Februari yangu nimeichomoa kwenye faili, nikaweka karatasi tupu iliyoandikwa "haikupimwa". Inaniuma macho lakini itakaa hivyo hivyo.

Sasa nikueleze kwa nini nimechelewa karibu wiki nyingine tatu baada ya kutoka hospitali.

Tulipomzika Owuor, karatasi zake nilizikusanya mimi. Hakuna aliyeziuliza. Nilizitoboa, nikazifungia faili, nikaliweka juu ya kabati la vyombo, na sikuligusa tena. Ulipoandika kwamba hukumbuki zilikuwa ngapi, nilijua ziko wapi. Nililishusha nikaliweka mezani. Nimekula chakula pembeni yake siku zote hizi bila kulifungua. Niliogopa nisije nikakuta ulikosea, na mimi ndiye niwe mtu wa kukuambia.

Jana nimefungua. Februari 2019. Nyutrofili 4.0, limfosaiti 1.9. Nimegawanya mara tatu kwa penseli. Mbili nukta moja.

Mbili nukta moja, Elsie! Chini ya yangu ya leo. Ungegawanya siku ile, ungeipata hiyo, ungechukua simu ungemwambia, "Baba, uko sawa, nenda ukale samaki." Yale yale. Mwenyewe uliniandikia kwamba si ramli. Yangu ilionya, ya kwake ilinyamaza, na miaka sita umekaa kwenye upepo ukijihukumu kwa namba ambayo hukuisoma. Na mimi miaka sita nimekaa hapa nikijihukumu kwa mkono. Tungekaa meza moja tungeulizana, tungemlilia vizuri kaka yangu. Hasira niliyo nayo ni kwa hilo. Si kwa kugawanya. Umeninyima mtoto mwenye jina langu.

Najua unavyowaza sasa. Unasema Shangazi ni mtu wa kujaza kurasa tupu, hii nayo ameitunga anifariji. Una haki ya kuwaza hivyo, nimekupa sababu. Kwa hiyo sikunakili. Karatasi iliyo ndani ya bahasha hii ni ile yenyewe, matobo ya faili yako pembeni, na sahihi iliyo chini unaijua ni ya nani.

Miaka thelathini na moja masjala, na sita ya kukaa nyumbani, sijawahi kuruhusu karatasi halisi itoke mlangoni mwangu. Hii imetoka. Mahali pake kwenye faili la baba yako nimeweka kijikaratasi, kama sheria inavyotaka. Nimeandika hivi: "Imechukuliwa na E. Owuor. Ataileta mwenyewe, kwa mkono, pamoja na Penina mdogo."

Sehemu ya tarehe nimeiacha wazi. Hiyo sitakujazia.

Shangazi yako,
Penina Anyango